Mazoezi na Vilabu Chuoni: Aliyekaa Kando Huenda Ana Sababu

Unasikiliza, au unasoma mazungumzo haya kijitabuni, labda umeketi kitandani katika chumba cha kupanga kule Matisi, Kitale, au unangojea matatu pale Kanduyi, Bungoma. Leo nataka tuongee na wanafunzi wa vyuo, hasa vile vyuo vidogo ambavyo havina uwanja mkubwa wala hospitali ya chuo. Tutazungumzia vilabu vya wanafunzi na madarasa ya mazoezi ya viungo. Mzazi, usizime redio, maana kuna mahali nitakuhitaji.

Siku hizi vyuo vimetuzunguka. Huku Kitale tuna Kitale National Polytechnic, ambayo wengi wetu tuliijua kama Kitale Technical. Huko Bungoma kuna Sang'alo, kuna Kisiwa, kuna Kibabii iliyopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2015. Kati ya hivyo vikubwa kuna vingine vidogo vidogo, ghorofa moja juu ya maduka, au nyumba ya zamani ya mkulima iliyogeuzwa madarasa. Mimi kama muuguzi wa afya ya jamii huitwa huko mara kwa mara na mashine yangu ya kupima shinikizo la damu, niongee na vijana.

Na ninapenda kwenda. Utakuta klabu ya drama, klabu ya mazingira na miche yao ya miti, skauti, kwaya, Msalaba Mwekundu. Jimu yao ni chuma kilichochomekwa katika mikebe miwili ya rangi iliyojazwa simiti. Usicheke, msuli haujui kama uzito umetoka dukani au umetengenezwa nyuma ya jikoni. Shida ya mikebe ile ni kwamba mara nyingi mmoja ni mzito kuliko mwenzake, na vijana wanaumia mgongo. Pimeni mikebe yenu kwenye mizani ya mahindi kabla ya kuinua, basi.

Kwa nini tunasisitiza mazoezi kwa vijana ambao bado wana nguvu? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Shinikizo hilo halianzi siku ile mtu anapoanguka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani kama nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Wewe unayetembea kutoka Matisi hadi mjini na kurudi kila siku ya masomo, huenda umeshamaliza hesabu yako bila kujua.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta, nalo linanihusu mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliitwa katika chuo kimoja kidogo. Sitakitaja, na mambo mengine nitayabadilisha kidogo ili mhusika asitambulike. Chuo hicho kilikuwa kimeanzisha darasa la mazoezi kwa wanachama wote wa vilabu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mara tatu kwa juma. Kukimbia kuzunguka uwanja, kuruka, kisha erobiki kwa muziki wa redio. Asiyefika alitozwa shilingi ishirini. Anayefika akachoka na kukaa kando, aliongezewa mizunguko miwili.

Kocha aliniomba nizungumze na wanafunzi kuhusu faida za mazoezi. Nikasimama mbele yao. Nikaongea vizuri sana, au ndivyo nilivyojiona. Nikataja moyo, nikataja sukari, nikataja uzito. Kisha nikawaona wasichana watatu au wanne wameketi kwenye nyasi chini ya mgrevilia, nikasema kwa kipaza sauti: "Wale wa kivulini, uvivu si ugonjwa. Kijana mzima hana sababu ya kukaa kando." Wakacheka wote. Kocha akapiga makofi.

Mmoja wa wasichana wale alikuwa na sikoseli, ugonjwa ambao katika vitabu huitwa seli mundu. Sikuwa nimeuliza swali hata moja.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya mvua nyembamba. Mnaijua Kitale mwezi wa Mei, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Binti alikimbia na wenzake mizunguko yote. Hakuwa amekunywa maji, hakuwa amekula, kwa sababu jioni iliyotangulia alikuwa na chai na mandazi tu. Mchana miguu ilianza kumuuma. Usiku ikawa mgongo. Kesho yake hakuweza kuamka kwenda kufungua mlango.

Msikilizaji, huyu binti alikuwa amepanga chumba peke yake. Mwenye nyumba haishi hapo. Majirani ni vibarua wanaotoka gizani na kurudi gizani. Darasani walidhani amekwenda nyumbani kutafuta karo. Ni nani aliyegundua? Ni klabu ya mazingira. Jumamosi ilikuwa zamu yake kumwagilia miche, naye hakuwahi kukosa zamu. Katibu wa klabu, kijana wa mwaka wa kwanza, akaona miche imenyauka akasema, "Huyu hawezi kuacha miche hivi hivi." Akamchukua msichana mmoja wa klabu wakaenda kubisha. Walisikia sauti ndogo tu ndani.

Alilazwa hospitalini siku sita. Akatundikiwa maji, akapewa dawa kali za maumivu. Nilipokwenda kumwona, aliniambia kwa upole, "Sista, uliposema kijana mzima hana sababu, nikataka na mimi niwe mzima." Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, na leo namwomba tena hewani, ingawa yeye alinisamehe siku nyingi.

Basi tuuelewe ugonjwa huu, kwa sababu huku magharibi ya Kenya si mgeni. Chembe nyekundu za damu ya mtu wa kawaida ni za mviringo na laini, zinapita katika mishipa midogo bila shida. Za mwenye sikoseli, zikikosa hewa ya oksijeni ya kutosha au maji mwilini yakipungua, hujikunja zikawa na umbo la mundu wa kukatia nyasi. Zinakuwa ngumu, zinanatana, zinaziba mishipa. Sehemu iliyozibwa hukosa damu, na hapo ndipo maumivu makali huanza. Tena chembe hizo hufa mapema kuliko za kawaida, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu na macho huwa ya manjano.

Mtu huzaliwa nao. Haupatikani kwa kula pamoja wala kulala chumba kimoja, na haukutokana na laana ya ukoo wowote. Mtoto huupata akirithi chembe ya urithi kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Akirithi moja tu, hawi mgonjwa bali mbebaji, na anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Na kwa nini uko mwingi kwetu, na kandokando ya Ziwa Victoria, na Pwani? Kwa sababu mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Vizazi vingi vilivyoishi penye mbu wengi vilibaki na wabebaji wengi. Lakini sikiliza vizuri: kinga hiyo ni ya mbebaji. Mwenye ugonjwa wenyewe, malaria humpiga vibaya sana, kwa hivyo chandarua kwake si jambo la hiari.

Sasa tazama mahali tunapoishi. Kijana ametoka Bungoma, kwenye urefu wa kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, amekuja kusoma Kitale kwenye kama mita 1,900. Huku kuna baridi zaidi. Ukimwamsha alfajiri, umkimbize akiwa na njaa na kiu, kisha aoge maji baridi ya bomba, umekusanya karibu kila kitu kinachoamsha maumivu ya sikoseli: baridi, upungufu wa maji, uchovu mkubwa wa ghafla. Na akirudi likizo nyumbani anapatana na mbu. Hatuwezi kuhamisha Mlima Elgon ili baridi iondoke, lakini saa ya mazoezi tunaweza kuihamisha.

Je, mwenye sikoseli asifanye mazoezi? Hapana, sikusema hivyo. Mazoezi mepesi kwa kasi yake mwenyewe yanamfaa. Atembee, anyooshe viungo, acheze kidogo, apumzike, anywe maji kabla na baada, avae sweta. Akisikia maumivu yanaanza, aache pale pale. Amwone daktari wake kwanza, aendelee na vidonge vyake vya foliki asidi, na kama amepewa haidroksiyurea, dawa inayopunguza mara ambazo maumivu huja, asiiache eti kwa sababu anajisikia vizuri. Kinachomuumiza ni kulazimishwa kwenda na kasi ya kundi.

Hata mbebaji, yule asiye mgonjwa, kuna nyakati anahitaji uangalifu. Mwaka wa 2006 huko Houston, Marekani, kijana wa miaka 19 aitwaye Dale Lloyd wa Pili, mchezaji wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Rice, alianguka wakati wa mazoezi ya kandanda ya Kimarekani akafa siku iliyofuata. Alikuwa mbebaji. Familia yake ilikwenda mahakamani, na kutokana na makubaliano yaliyofikiwa, chama cha michezo ya vyuo vikuu kule kilianza mwaka wa 2010 kutaka wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe au waonyeshe matokeo yao ya awali, ama watie sahihi kwamba wamekataa.

Lakini usiogope ukatupa viatu vya kukimbilia. Mwaka wa 2016 ulitolewa utafiti uliofuatilia askari karibu 48,000 weusi wa jeshi la Marekani ambao damu yao ilikuwa imepimwa. Wabebaji hawakufa kwa wingi kuliko wenzao. Walichozidi kidogo ni hatari ya misuli kuvunjikavunjika kwa mazoezi makali, jambo linaloweza kuharibu figo. Na askari hao walikuwa na kanuni: maji ya kutosha, mapumziko, kuzoeshwa mwili polepole. Yaani kanuni za kawaida, zikifuatwa na wote, zilimlinda hata ambaye hakujulikana. Ni afadhali kanuni hizo kuliko kumtafuta mbebaji ni nani na kumtenga.

Kocha, hapa naongea na wewe. Ukimwona mkimbiaji ameanguka, angalia. Aliyekazwa na msuli hulia kwa uchungu na ukigusa msuli ni mgumu kama jiwe. Huyu mwingine miguu inamlegea, msuli ni laini, anaweza hata kukujibu vizuri mwanzoni, anakwambia tu hana nguvu. Usimpigie kelele ainuke. Simamisha mazoezi, mpoze kama ana joto, mpe maji ikiwa anaweza kumeza, na mpeleke hospitali mara moja ukiwaeleza kilichotokea.

Nirudi kwenye kile chuo. Baada ya yale tuliketi: kocha, matroni, viongozi wa vilabu na mimi. Kusema kweli mkutano ulikuwa mgumu. Wazo la kwanza lililotolewa ni kwamba binti huyo aondolewe katika mazoezi na safari zote za vilabu, "kwa usalama wake." Nami karibu nikubali. Matroni, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, ndiye aliyeuliza, "Na mngemwondoa kwa klabu ya mazingira, nani angekwenda kumbishia mlango?"

Kukawa kimya. Alikuwa amesema kweli. Na mimi nilikuwa nimesikia mengine pale wodini. Tangu shule ya msingi binti huyo alikuwa akiachwa nyuma. Wakati wa michezo aliambiwa alinde sweta za wenzake. Nyumbani walikuwa wamemzika kaka yake kwa ugonjwa huo huo, na alipokwenda chuoni mama yake alimwambia asimwambie mtu yeyote, watu wasije wakasema ni wa kufa, asikose rafiki wala mchumba. Ndipo akafika chuoni akiwa na siri, na kwa mara ya kwanza akawa mwanachama wa kitu.

Tukafanya hivi. Darasa la mazoezi likahamishwa hadi saa kumi na nusu jioni, na mvua ikinyesha linafanyiwa ndani ya ukumbi. Faini ikafutwa. Mizunguko ya adhabu ikafutwa, na hapa kocha alinung'unika sana. Alisema vijana watalala. Jerikeni ya maji yaliyotibiwa inawekwa pembeni na kila baada ya dakika kumi na tano watu wote wanasimama kunywa, si wagonjwa tu. Na kanuni moja ambayo ndiyo naipenda kuliko zote: mtu yeyote anaweza kwenda kukaa wakati wowote bila kuulizwa sababu mbele za watu. Kiongozi atamfuata baadaye, kando, kumuuliza kama yuko salama.

Matroni akapewa daftari lenye kufuli sandukuni. Kila anayejiunga anaulizwa naye peke yake maswali machache. Je, una pumu? Una sikoseli, au ndugu yako anayo? Umewahi kuzirai ukicheza, au kuumwa na kifua? Una kifafa, kisukari, ugonjwa wa moyo? Kuna dawa unayotumia kila siku? Kujibu ni hiari. Kocha haoni daftari; anachoambiwa ni kwamba fulani aende kwa kasi yake, au fulani asisahau dawa yake ya kuvuta ya pumu. Mwanzoni walijibu wachache. Walipoona hakuna siri iliyotoka nje, wakaongezeka.

Na vilabu vikaongeza jambo dogo. Kila klabu ina orodha ya wanachama na mahali wanapoishi. Mtu akikosa siku mbili bila habari, wawili wanatumwa kubisha. Si kumkamata. Ni kubisha tu na kusema, "Hodi, tumekukosa." Viongozi wa vilabu mnaonisikia, orodha yenu inaweza kufanya kazi hiyo kuanzia leo, na haina gharama.

Mara ngapi wanakuta mtu ni mgonjwa? Si mara nyingi. Zaidi wanakuta mtu hajala siku mbili, au msichana hana sodo na ameona aibu kutoka, au kijana ameshindwa na karo akajifungia. Hayo nayo ni afya, na nitayatengea kipindi chake.

Mzazi, nilisema nitakuhitaji. Kama mtoto wako ana sikoseli na anakwenda chuo, mruhusu aseme kwa mtu mmoja tu anayeaminika huko. Mmoja anatosha. Mwandikie karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa zake, kundi la damu, na simu yako, aiweke pamoja na kitambulisho. Na kama hujui hali ya damu katika familia yako, nenda mkapime katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma. Uliza kipimo gani kimefanywa. Kile cha haraka huonyesha tu kama chembe zinajikunja. Hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Kile kiitwacho elektroforesi ndicho kinachotofautisha. Vijana mnaopanga kuoana, nanyi nendeni.

Wewe mwenye ugonjwa, au unayeishi naye chumba kimoja, usingojee asubuhi ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, kichwa kuuma kupita kiasi, tumbo kuvimba upande wa kushoto na mwili kupauka, au maumivu ambayo dawa za nyumbani hazituliza. Kwa wavulana, na wazazi mniwie radhi kwa saa hii ya chakula, uume ukisimama kwa maumivu kwa zaidi ya saa mbili, hiyo pia ni dharura. Wengi huona haya wakachelewa, na uharibifu ukabaki. Ukifika mapokezi, sema kwanza kabisa: "Nina sikoseli." Usikae kwenye foleni kimya.

Binti yetu alimaliza chuo. Mara ya mwisho nilipofika pale kabla hajamaliza, nilimkuta uwanjani jioni amevaa sweta mbili, kipenga shingoni. Alikuwa ndiye anayeshika saa ya mazoezi. Kila dakika kumi na tano anapuliza, kocha mzima na misuli yake anasimama kunywa maji. Aliponiona alipuliza kipenga kabla ya wakati na kunionyesha kikombe.

Haya msikilizaji, muda wetu umekwisha. Wiki ijayo nitazungumza kuhusu pumu na moshi wa kuni. Mimi ni muuguzi wako, kwaheri ya kuonana.